Mkwe Alipimia Nje

Mashine inayomsaidia mzee wangu kupumua ina sauti mbili. Ya kwanza ni ngurumo isiyokatika, kama mtu anasaga mahindi chumba cha pili. Ya pili ni pumzi, pff, inatoka kila baada ya kitambo, na hiyo ndiyo ninayoisikiliza. Ikichelewa kidogo nasimama. Nikiwa kwenye matuta ya chini upepo ukaimeza, nalitupa jembe napanda kwenda kutazama. Wanawake wa jirani walikuwa wananicheka. Walisema bibi yule siku hizi halimi, anapanda na kushuka tu kama panya buku. Niliwaacha wacheke. Wao waume zao walikuwa wanapumua bure.

Kifua cha mzee kiliharibika taratibu, kama ukuta unaonyonya maji kutoka chini. Miaka mingi alipasua mbao msituni kwa msumeno wa watu wawili, yeye akiwa yule wa chini, shimoni, ambaye vumbi lote ni lake. Hospitali walipomruhusu kurudi nyumbani na mashine, daktari alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Akasema, "Mama, bila bomba hili puani anaweza kukaa muda wa kwenda chooni na kurudi. Zaidi ya hapo kucha zake zitaanza kuwa za bluu. Ukiziona hivyo usingoje mtu akuambie."

Basi tangu siku ile mimi ni mtu wa kutazama kucha.

Tatizo la mashine ile ni kwamba haina betri yake. Inakula umeme wa ukutani, umeme ukikatika nayo inakatika. Na sisi tunakaa juu ya Soni, upande ambao pikipiki inafika kwa shida na gari halifiki kabisa. Masika ikishuka huku, udongo unatembea. Leo unapita njia, kesho njia iko kwenye shamba la kabichi la mtu mwingine. Nguzo za umeme zimesimama kwenye udongo huohuo. Nilikuwa nikisikia mvua inapiga bati, sioni mvua, naona nguzo zinainama.

Masika hiyo mume wa binti yangu wa mwisho alikuwa na kazi ya kuezeka ghala la jirani, hatua chache chini ya nyumba yetu. Yeye ni fundi wa paa. Hafanyi kazi kwa nyundo na msumeno wa mkono kama mafundi wa zamani. Ana drili ya betri, msumeno wa betri, na jisu la duara la kukatia bati, nalo la betri. Waya hakuna. Anapanda juu ya paa na mashine kiunoni kama askari. Kazi zake nyingi ziko Malindi ya huku huku milimani na huko ndani ambako nguzo hazijafika, kwa hiyo ana pia betri moja kubwa ya sola, nzito kama mtoto wa ng'ombe, na inverta ya kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Kwa betri hiyo kubwa ndiyo huchajia vile vibetri vidogo vya mashine zake. Lakini alipokuwa kwetu, aliweka chaja yake sebuleni kwangu, akawa anachaji kwa umeme wa nyumbani.

Huyu kijana ana ugonjwa wa kupima. Mfukoni ana mita yenye mdomo kama koleo. Anaubana mdomo ule kwenye waya, na mita inasema ni umeme kiasi gani unapita humo. Siku moja nilimkuta barazani na drili ya zamani ambayo betri yake ilikufa, ameiunga kwa nyaya mbili kwenye ile betri kubwa. Nikamuuliza kwa nini ana vibetri vingi hivyo kama mtu anayeuza mayai.

"Shikamoo mama," akasema kwanza, macho chini.

"Marahaba. Nimekuuliza."

"Mama, hivi vinaisha kwa namna vinavyotumika. Ngoja nikuonyeshe." Akabana mita kwenye waya mmoja, akachukua kipande cha msonobari, akatoboa. Mita ikasema sita. Kisha akachukua kipande cha mkulo, mbao ile ngumu ya msituni ambayo mzee wangu aliipasua enzi zake na ambayo siku hizi hairuhusiwi kukatwa. Akatoboa kwa kasi ileile. Drili ikalia, mita ikapanda ikapita ishirini. Akaisukuma kwa bega, ikapita thelathini na harufu ya kuungua ikatoka.

"Drili moja, betri moja," akasema. "Ukiilazimisha inakunywa. Ukiweka gia ndogo ukaipa nafasi, inafika palepale na haijalewa."

Nikaelewa. Mtu aliyebeba majani ya ng'ombe na aliyebeba gunia la viazi wanapanda kilima kimoja, lakini jioni uji hawanywi sawa. Nikamwambia, "Basi nipimie mashine ya baba yako. Nataka kujua umeme ukikatika, hii betri yako kubwa itambeba mpaka wapi."

Akaacha kucheza. Akasema atapima siku hiyohiyo.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo watoto wa mjini wanaliona upuuzi. Kwetu mkwe wa kiume haingii chumba wanacholala wakwe zake. Halijadiliwi. Akija anakaa barazani au sebuleni. Mama mkwe akipita anainamisha kichwa. Kitanda cha baba mkwe hakijui, na hatakiwi kukijua. Mashine ilikuwa chumbani, kando ya kitanda, na mzee wangu alikuwa amelala pale na fulana yake na chupa yake ya kukojolea chini. Kwa hiyo mkwe hakuuliza kama aingie, na mimi sikumwambia aingie. Hilo halikutupitia hata akilini.

Alizunguka nje mpaka kwenye mita ya umeme ya nyumba, ukutani, chini ya dirisha la chumba chetu. Alinieleza kwamba pale waya zimeachana, na mdomo wa mita yake unataka waya mmoja tu. Ukibana mbili pamoja, ule unaokwenda na ule unaorudi zinafutana na mita inasema sifuri. Akanituma nizime taa zote na redio. Nikazima. Nikasimama jikoni, ambako moshi na mvua vilikuwa vinapigana na ngurumo ya mashine haifiki, nikamsikia anaita.

"Mama, imebaki mashine peke yake?"

"Imebaki mashine," nikajibu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa nilipotoka chumbani.

Kisha nikasikia ameinua sauti kumsalimia mzee kupitia dirishani. Alimwamkia kwa adabu ndefu, akaulizia usiku, akaulizia kifua, akaulizia ng'ombe. Na mzee akamjibu kwa sauti nzuri, nzito, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda. Nilifurahi. Nilisema moyoni, leo amepata nguvu.

Mkwe akarudi barazani uso umechangamka. "Ni ndogo, mama. Haijafika hata ampea moja. Umeme ukikatika asubuhi, betri hii itamfikisha alasiri bila wasiwasi. Nami niko hapo chini, nitakuwa nimeshafanya mpango."

Nikamuuliza kama ana hakika. Akasema kibao cha nyuma ya mashine hakimsaidii, kinasema maneno ya kiwandani, lakini waya unasema ya leo. Akapitisha kebo ya ekstensheni dirishani, uso ameugeuzia mlimani kama mtu anayempa mwanamke nguo bafuni. Nikaipokea. Tukajaribu kuwasha mashine kwa betri yake, ikanguruma vizuri, tukazima tukarudisha ukutani. Akaiacha betri barazani, imejaa, na inverta juu yake. Akanifundisha namba ya kioo kidogo cha inverta. Ikisoma kumi na mbili na kitu, kaa utulie. Ikishuka kumi na moja, nitafute. Ikikaribia kumi na nusu italia kama kifaranga na kuzima yenyewe.

Umeme ulikatika asubuhi, nikiwa nakamua. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Sikusubiri kuona kama utarudi. Niliacha ndoo, nikaingia, nikahamisha plagi kwenye ekstensheni. Mashine ikanguruma. Pff. Nikatazama kucha, ziko sawa. Mzee akaniuliza nimeona nini cha kukimbilia.

Jirani aliyetoka barabarani alisema udongo umeshuka ukabeba nguzo, na wanaume wote wamekwenda na majembe kuisaidia njia ya Mombo. Umeme hautarudi leo, akasema, na kesho ni ya Mungu. Mimi nilisema moyoni, tunayo mpaka alasiri. Mpaka hapo tutajua la kufanya.

Nilichemsha chai. Kabla maji hayajachemka nilikwenda barazani kutazama kioo. Kumi na mbili na kitu. Nikampelekea chai na kiazi. Nilipotoka, kumi na mbili kamili. Nikasema macho yangu haya, si ya kuyaamini. Nikaosha kikombe kimoja, nikarudi. Kumi na moja na nukta tisa.

Jua, kama lingekuwepo, lingekuwa bado halijapita mkaratusi wa jirani. Alasiri ilikuwa mbali kama Tanga.

Nilishuka kwenye lile ghala nikikimbia, mimi na umri wangu, kanga imefungwa kifuani. Mkwe alikuwa juu ya kenchi, zile mbao za kubeba bati. Sikumngoja aamkie.

"Betri yako ni mwongo!"

"Haiwezekani, mama."

"Shuka ukaiambie wewe haiwezekani."

Akashuka bila ngazi. Barazani akabana mita kwenye waya mnene wa betri, ule unaoingia kwenye inverta. Nilimwona anatazama, anafungua mdomo wa mita, anabana tena. Thelathini na kitu. Akasema upande huu wa betri lazima namba iwe kubwa kuliko ya ukutani, hilo alilijua, lakini alikuwa ametarajia nusu ya hiyo. Akabana upande wa pili. Ampea moja na nusu na ushee.

"Kuna kitu kingine kimechomekwa chumbani?"

"Kitu gani? Tuna nini sisi cha kuchomeka?"

"Basi siku ile nilipima nini?" akasema, na hakuwa ananiuliza mimi.

Nikaingia kwa mzee. Nikamuuliza, siku mkwe alipopima, mashine ilikuwaje. Alitazama dari. Nikamuuliza tena kwa Kishambaa, kwa sauti ambayo huwa sirudii mara ya tatu.

"Niliizima," akasema.

"Uliizima?"

"Mkwe alikuwa ananiamkia. Ulitaka nimwitikie na bomba puani, mashine inanguruma kama trekta? Niliizima nikamwitikia kama mtu. Kisha nikaiwasha."

Nilitoka nikamweleza mkwe. Alikaa chini kwenye ngazi ya baraza. Akasema, "Kama aliizima, mita ingesoma sifuri. Ilisoma kitu." Kisha akajipiga paji la uso. "Chaja yangu! Taa yake ilikuwa ya kijani, betri imejaa, haili kitu. Lakini nilipopita sebuleni kuja kupima, niliitoa ile iliyojaa nikaweka tupu. Mkono ulifanya wenyewe. Mama, nilipima chaja yangu."

Kwa hiyo hapo tulikuwa. Ile alasiri yote tuliyokuwa nayo ilikuwa alasiri ya drili. Mzee wangu alikuwa amepewa saa za kifaa cha kutobolea mbao.

"Imebaki kiasi gani?" nikauliza.

Alitazama kioo. "Haifiki adhuhuri, mama. Na mwishoni inashuka haraka kuliko mwanzoni."

Nikamwonyesha vile vibetri vyake, vimepangwa kwenye sanduku. "Na hivi je? Si umeme huu?"

Alikuwa na inverta ndogo ya kuchomeka kibetri kimoja, ya kuchajia simu na kuwashia taa kazini. Akataka kunionyesha kwa haraka kwamba haiwezekani, nami nikataka kuona kwa macho. Nikahamisha plagi ya mashine. Mashine ikataka kuanza, ikatoa mkoromo mmoja, inverta ndogo ikapiga kelele, ikazima. Kitu kile kikianza kinataka msukumo mkubwa kuliko kikishakwenda, ndivyo alivyosema. Nikarudisha plagi mbio. Mzee aliuliza tunacheza nini na pumzi yake.

Mkwe akasimama. Akasema kituo cha afya kule Soni kina jenereta na mitungi ya hewa. "Tukikaa hapa, betri itaishia hapa. Iliyobaki inatosha njia, tukiondoka sasa. Tukingoja umeme hatutakuwa na ya hapa wala ya njia."

Ni neno ambalo mtu hataki kulisikia, kwa sababu nyumbani ni nyumbani, na huenda umeme ungerudi wakati tuko njiani. Nilitazama mlima. Ukungu ulikuwa umekaa. Nikasema, "Tunaondoka."

Hapakuwa na wanaume wa kubeba machela. Pikipiki zote zilikuwa barabarani na wenyewe. Mkwe alikimbia ghalani akarudi na mbao mbili ndefu za kenchi na toroli ya kokoto. Akaniomba kiti cha mzee. Kile kiti ni cha mkulo, mzee alikitengeneza mwenyewe, na kimemshinda kila panya. Alitaka kukifunga zile mbao mbili pembeni kwa skrubu ndefu, kama miti ya machela, kiwe kiti cha kubebwa. Lakini tangu asubuhi alikuwa ametumia betri zake juu ya paa, na kuchaji hapakuwepo. Alichomeka ya kwanza, drili ikazunguka ikalala. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na kitaa kimoja kinachowaka.

Akaweka gia ndogo. Akatoboa polepole, hakusukuma, anaitoa, anapuliza unga, anairudisha. Mimi nilikuwa nimesimama kati yake na kioo cha inverta. Kumi na moja na nukta sita. Nilitaka kumwambia asukume. Nilijua nikimwambia asukume itakufa. Nikauma kanga. Tundu la kwanza likatoka. La pili. Kwenye la mwisho kile kitaa kilianza kupepesa, na skrubu ilipoingia nusu drili ikazima kabisa. Akachukua spana akaimalizia kwa mkono, mishipa ya shingo imemsimama.

Kisha akafika mlango wa sebule, akasimama.

Nilikuwa nimeshaingia chumbani, nimemvalisha mzee koti. Najua uzito wake. Zamani ningemwinua, lakini mgongo wangu uliniacha wakati wa wajukuu. Nikamwambia mzee kwamba mkwe anaingia kumbeba.

"Asiingie," mzee akasema.

"Nani atakubeba?"

"Ngojeni wanaume warudi."

"Wanaume wanachimba barabara. Hujui watarudi lini, na mimi sijui."

"Ana adabu yule kijana. Usimvunjie adabu yake. Mimi hapa na fulana, na chupa hii..."

Nikaichukua ile chupa nikaitoa kwa dirisha. Nikamwambia, "Chupa haipo. Sema lingine."

Alinitazama kwa hasira ya mtu asiye na pumzi ya kuitumia. Macho yalikuwa mekundu. Akasema taratibu, "Mimi si mzigo wa kuonwa na mkwe kitandani."

"Wewe ni mume wangu," nikasema. "Nimechagua uonwe."

Nikageuka nikaita, "Ingia!"

Hakuja. Nilimsikia miguu inasugua sakafu kule nje. "Mama..." akasema.

"Umeiona namba ya kioo au mimi ndiye niliyeiona? Ingia, mwanaume wewe! Nikikuita mara ya tatu nitakuja kukuvuta sikio mbele ya majirani."

Aliingia. Aliingia amefumba macho kwanza, akagonga kona ya kabati, akafumbua. Akainama, akapitisha mikono chini ya magoti ya baba mkwe wake na chini ya mgongo, akamwinua. Mzee aligeuza uso ukutani, lakini mkono wake mmoja ulishika shingo ya yule kijana, kwa sababu mtu anayeinuliwa hushika.

Wanawake watatu wa jirani, walewale wa kucheka, walikuwa wanapita na mizigo ya kabichi vichwani. Niliwaita. Walitua kabichi pale njiani kwenye tope bila kuuliza. Mmoja alishika toroli, ambamo tulikuwa tumeweka betri chini, inverta pembeni imefunikwa kwa nailoni, na mashine imesimamishwa katikati kwa mablanketi ili ivute hewa. Wawili na mimi na mkwe tukashika miti ya kiti. Bomba la hewa lilikuwa refu kiasi cha watu wawili kulala. Kwa hiyo kiti kilitangulia na toroli ikafuata kisigino kwa kisigino. Toroli ikichelewa, bomba linavuta pua ya mzee. Ikiharakisha, inanigonga mimi.

Ile njia mimi naijua kwa miguu. Siku hiyo sikuijua. Tope lilikuwa linakula ndala. Mkwe alikuwa mbele, anatembea kinyumenyume kwenye miteremko ili mzee asiinamie mbele. Yule mwenye toroli alikuwa anasema peke yake, "Taratibu jamani, mimi nimebeba pumzi ya mtu huku." Wa upande wangu akamwambia, "Leo ukianguka wewe, tunaanguka sote hospitali moja." Wakacheka kidogo, kicheko cha kushikilia. Mzee naye nilimwona mdomo umetaka kucheka ukashindwa.

Chini ya shule inverta ilianza kulia. Kama kifaranga, kama alivyosema. Mkwe alinitazama, nami nikamwambia asinitazame, atazame njia. Tulikuwa tumeshaziona bati za soko. Ililia, ikalia, kisha ikanyamaza, na ngurumo ikanyamaza nayo. Sijawahi kusikia mlima ukiwa kimya hivyo. Yule mwanamke aliyeshika toroli akaniuliza kwa sauti ndogo aiache au aje nayo. Nikamwambia aiache. Nilivua bomba puani mwa mzee kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye mti.

Kuanzia hapo tulikimbia. Watu wa sokoni walitoka kwenye mafungu ya nyanya wakatupokea miti mikononi, wanaume na wanawake, sikujua ni akina nani. Nilibaki nakimbia kando, nimeshika mkono wake, nazitazama kucha. Zilikuwa zinageuka. Nilimwita kwa jina la utoto wake, ambalo sijawahi kulitamka mbele za watu, na akanifinya kidole.

Kituoni jenereta lilikuwa linaunguruma nyuma. Muuguzi hakuuliza kadi wala jina. Alifungua mtungi, akamvika kinyago. Mimi nilisimama kwenye miguu ya kitanda mpaka rangi ikarudi, kwanza midomoni, mwishowe vidoleni. Ilirudi polepole sana, kama mtu anayefikiria kama aje au asije.

Nilipotoka nje, mkwe alikuwa amekaa kwenye msingi wa ukuta. Akataka kusimama kunipisha. Nikamwambia akae.

"Nilimpima vibaya," akasema.

"Tulimpimia nje," nikamjibu. "Sote. Nenda kalete mashine pale njiani, uipime tena kwa umeme wa hapa. Mimi nitakuwa nimesimama kando yako, na baba yako atakuwa anakuona."

Aliileta. Alipasua ganda la ekstensheni akatenganisha waya mbili, akabana mmoja, pale pale kando ya kitanda. Mzee alitazama, hakugeuza uso. Namba ilikuwa ileile ya barazani. Nikamuuliza mkwe maana yake ni nini kwa mtu anayekaa kule juu masika nzima. Akasema betri moja haitoshi, mbili zitampa nusu siku, na jua la kuzijaza wakati wa masika halipo.

"Basi hatupandi," nikasema.

Mzee akatoa kinyago. "Na shamba?"

"Shamba halipumui kwa bomba. Rudisha kinyago."

Alikirudisha. Chozi lilimshuka upande mmoja, nikajifanya natazama mtungi.

Sasa tunakaa Soni, chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, karibu na kituo. Napanda mchana kukamua na kupalilia, nashuka kabla ukungu haujafunga. Huku chini umeme unakatika vilevile, na taa ikipepesa kidogo tu mimi nimeshavaa ndala. Mzee husema nitamuua kwa kumtisha kabla kifua hakijamuua. Humwambia anyooshe mkono, nizione.